Turoni za Kurudishia Sahani

Kosa langu la kwanza lilikuwa ndizi. Nilichukua kisukari zilizoiva hadi kupata madoa, nikaziviringa kwenye manda za sambusa, na zilipoingia kwenye mafuta zikapasuka na kumwaga uji. Hadi leo nikinusa sukari inayoungua, hata kama ni ya jirani, mabega hunipanda.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, tukikaa kwenye fleti mtaa wa Al-Khuwair, huko Omani. Juu yetu alikaa Khala Luz, nesi wa Kifilipino tuliyemwita khala, yaani mama mdogo, kwa heshima, ambaye siku moja alituletea turoni: ndizi ndani ya manda, zimekaangwa na sukari mpaka zikavaa ganda jembamba lililovunjika kama kioo mdomoni. Kwetu, kama kwa Waomani wengi waliotoka Unguja, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mama alitaka kuijaza kaimati kesho yake. Nikamwomba aniachie mimi. Ningeirudisha na turoni, tena nzuri kama zake.

Basi sahani ikakaa. Nilijifunza peke yangu, kwa video za Kifilipino nisizoelewa hata neno. Ndizi nilizipima kwa rula. Turoni iliyopinda niliikataa, iliyopauka niliikataa, na wadogo zangu, waliokula zote nilizozikataa, walikuwa wakiniombea nishindwe tena. Bibi, ambaye alikuwa hajawahi kuona mtu akitia sukari kwenye mafuta ya moto, alihamishia kiti chake karibu na mlango wa nje.

"Mjukuu wangu, mimi nna presha," aliniambia. "Ukitaka kutuchoma, nambie mapema nivae buibui."

Wakati huo Khala Luz alileta sahani ya pili, kisha bakuli. Mama akaanza kupita kwenye ngazi kwa kunyata, asikutane naye.

Ijumaa moja mlango ukagongwa. Khala Luz alikuwa na wageni, na kwa Kiarabu chake cha hospitalini aliuliza, kwa haya, kama tungeweza kumwazima sahani. Mama aliingia jikoni, akachukua sahani ya Khala Luz mwenyewe, akaanza kupanga juu yake turoni nilizozikataa asubuhi ile, wadogo zangu wakiwa bado hawajazifikia.

Nikamshika mkono. "Mama, bado hazijawa nzuri."

"Zisiwe. Mimi nshachoka kujificha kwenye ngazi."

Khala Luz alichagua ile iliyopasuka tumbo, akaila palepale mlangoni, akalamba vidole. Akaniambia kwamba hata zake hupasuka. Zinazopasuka huzila mwenyewe jikoni, ndiyo maana sisi hatujawahi kuziona.

Nilikasirika, nakiri. Nilihisi nimedanganywa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilipokuwa nikitafuta turoni isiyo na ila, mama alikuwa akipoteza jirani.

Siku hizi nikipika kitu kikatoka kibaya, nakipeleka hivyo hivyo, kikiwa bado cha moto.