Aliyepiga Goti Hajashuka

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nashusha pumzi kana kwamba nimeokolewa jana.

Nilikuwa binti wa kijijini Nkololo niliyepelekwa Japani kusomea wadudu wanaoshambulia pamba. Ni miaka ile soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakawa wanapishana kwa malori huku Bariadi, na sisi wa utafiti tukaambiwa tukaongeze ujuzi. Wiki nzima nilikuwa nimeinamia hadubini. Jumamosi ikifika, natoka. Nilikwenda baharini, nikaenda kwenye mahekalu yao, nikaenda hata kutazama maua tu, jambo ambalo mama yangu angeuliza kama huko watu hawana kazi.

Lakini utamu wenyewe haukuwa bahari wala maua. Utamu ulikuwa kutoulizwa. Si unajua kwetu? Ukitoka na ndoo, kabla hujafika kisimani umeshaulizwa na kila nyumba unakwenda wapi, kwa nani, na utarudi lini. Yalinichosha tangu utoto. Kule nilikuwa nampita mama msimamizi wa bweni bila kumwambia neno, na nikajiona mtu huru kweli.

Kitu kimoja tu kilinishinda kuacha. Nimelelewa kumpigia goti mtu mzima ninapomsalimu, na goti langu halikujua kwamba tumevuka bahari.

Basi Jumamosi hiyo nikapanda treni, kisha basi, mpaka chini ya mlima mmoja nje ya mji. Kituoni palikuwa na kibanda cha chai, na bibi mmoja alikuwa nje anafagia majani. Goti likaenda lenyewe. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kabla sijakumbuka niko wapi. Bibi akacheka, naye akaniinamia. Mimi nikaona aibu, nikajiondokea haraka.

Huko juu ukungu ukashuka. Sisi tumezoea mbuga, ng'ombe wako unamwona hata akiwa mbali. Ukungu wa kuficha miguu yako mwenyewe sikuwahi kuuona. Nilifuata njia ikaishia kwenye korongo. Nikageuka, nikaikosa hata ile niliyojia. Baridi ikaniingia, na mwanga ukaanza kupungua. Nikaketi juu ya jiwe, na hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Katika nchi ile nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuwa nimekwenda mlimani. Kwetu njia nzima ingeshasema: alipita hapa, alivaa hivi, alikuwa anaelekea kule. Nililia, sikufichi. Nilimwomba Mungu anirudishie watu wa kuniuliza.

Nikasikia filimbi. Nikaitika kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kwa Kisukuma, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenikimbia. Akatokea mzee mwenye kurunzi, mume wa yule bibi, kama nilivyokuja kujua. Akanishika mkono, tukashuka polepole.

Chini, basi la mwisho lilikuwa bado limesimama na abiria wake ndani. Bibi alikuwa amejisimamisha mbele ya basi, ufagio mkononi. Aliponiona akaanza kunikaripia, Kijapani kirefu, huku ananifuta matope shavuni kwa kitambaa chake. Abiria mmoja aliyejua Kiingereza akanieleza.

"Anasema alimwambia dereva, yule aliyepiga goti asubuhi hajashuka, basi haliondoki. Anauliza kwa nini hukumwambia mtu unakokwenda."

"Mwambie nimekoma," nikasema.

Alipomwambia, basi zima likacheka, na mimi nikacheka machozi yakinitoka. Ile nafuu, mwanangu, sijui niieleze vipi. Nikapiga magoti yote mawili, nikamshukuru bibi yule, na safari hii sikuona aibu.

Sikuacha kutembea. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena, ila nilisimama kwanza kwa mama wa bweni nikamchorea mlima kwenye karatasi, nikamwonyesha kwenye saa yake muda wa kurudi. Niliporudi nilimkuta mlangoni ananingoja.

Sasa wewe unafunga begi kwenda kusoma mbali, na jana nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba huko angalau hakuna wa kukufuatafuata. Nenda mwanangu, tembea uone, sikuzuii. Ila ukifika, msalimie anayefagia, msalimie anayelinda geti, hata kama hakuna anayefanya hivyo. Na kabla hujatoka, mwambie mtu mmoja unakokwenda. Anayekuuliza hakufungi kamba, amekuweka moyoni tu.

Mungu akutangulie, akupe afya na masomo mema. Na popote utakapopanda, awepo mtu wa kusema hujashuka.