Mawe Niliyoyaficha Chini ya Maji

Mjukuu wangu, iko asubuhi moja ya hapa Baraka ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Babu yako akisikia atanuna, lakini ndivyo ilivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdomo mrefu na masikio mafupi. Umeniletea tisheti yenye sura ya Mwalimu Asukulu, unataka niseme neno siku ya kumkumbuka. Basi kaa hapa kwanza, maana neno lenyewe linaniaibisha.

Mwalimu hakuwahi kuwa mkubwa wa biro yoyote ya serikali. Alifundisha watoto kusoma, na sisi wakubwa akatufundisha kudai haki bila kumgusa mtu. Desturi yake ilikuwa hii: tukienda kudai, kila mmoja anatwika beseni la maji, limejaa mpaka mdomoni. Mwenye maji kichwani hakimbii, hasukumani, wala hana mkono wa kurusha kitu. Hata wanaume walijifunza kubeba, na tuliwacheka sana. Bamama wauza maziwa walioshuka toka milimani walitembea mstari mmoja na wavuvi wetu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake nyumbani kwao wanasema lugha gani.

Mwaka aliokufa Mwalimu, tajiri mmoja akazungushia uzio ufuko wa ziwa tulikokuwa tunachota maji, akaweka na basoda, askari wenye bunduki, waulinde. Tukawa tunafuata maji mtoni, mbali. Jirani yangu, mwenye mimba kubwa, alikuwa anapumzika mara tano njiani. Ndipo Mama Nyassa, mjane wa Mwalimu, akasema twende pale kwenye uzio tumpe komanda wao barua yetu ya kudai uzio utolewe. Vijana tukavaa tisheti zenye sura ya marehemu. Mimi nikaweka mawe sita ndani ya beseni langu. Maji ya mtoni yana tope, hayaonyeshi kitu.

Unajua wanawake husaidiana kutwika. Mama Nyassa ndiye aliyeshika upande wa pili wa beseni langu. Akalinyanyua kidogo, akasimama.

"Maji yako ya leo iko nzito, mwanangu."

Akaingiza mkono, akayagusa mawe, akaniambia niyatoe. Nami kwa ujeuri wangu nikamjibu: "Mama, Mwalimu alishakufa, na uzio iko. Maji yenu ilileta nini?"

Mungu anisamehe. Maneno hayo nilimwambia mjane. Hakunipiga. Alinipa beseni lake, akatwika langu, mawe na yote.

"Ukiona iko lazima," akasema, "utakuja kukamata mawe yako juu ya kichwa yangu."

Tukaenda. Kwenye uzio soda mmoja akamsukuma yule jirani yangu, maji yakammwagikia. Mkono ukaniwasha. Nikageuka kutafuta mawe, nikaona shingo ya Mama Nyassa inatetemeka, maji yanamchuruzika usoni, naye anatazama mbele tu. Sikuweza. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyouchukia uzio, na mpaka saa ile sikuwa nimejua.

Komanda akatoka, akaamuru tumwage mabeseni yote. Nadhani alikuwa anatafuta jiwe moja tu, apate sababu ya kutufukuza. Tukamwaga, mmoja baada ya mwingine, hadi akafikiwa Mama Nyassa. Mawe sita yakaanguka miguuni pake. Komanda akacheka. "Ni weye mujane wa ule mutu wa amani?"

Mama hangesema uongo, wala hangenitaja. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Ni yangu. Ni mi niliweka."

Usidhani komanda alilainika. Alirudisha barua bila kuifungua, akatufukuza. Maji yakimwagika hayazoleki. Uzio ulikaa masika yote na kiangazi kizima, na jirani yangu akajifungulia kwenye njia ya mtoni. Mtoto alipona, ni yule fundi wa baiskeli unayemjua. Nikimwona anapita namsalimia kwa furaha, halafu moyo unaniuma.

Wakati wa kurudi, Mama Nyassa aliniambia maneno machache. "Leo umeharibu. Lakini umesema. Juma ijayo uje." Nikaja. Akanitwika mwenyewe, bila kuingiza mkono ndani ya maji. Tulirudi pale juma baada ya juma, mpaka komanda akachoka na sisi, akapokea barua akaipeleka kwa wakubwa kule Fizi. Uzio ulipong'olewa, tulilia kama watoto.

Sikukatazi hasira, mwanangu. Mwalimu alikuwa na hasira kali, mke wake alinisimulia. Ila hasira hasara ukiipa mkono ifanye inavyotaka. Jiwe lako halitakurudia wewe peke yako. Litamrudia mama aliyesimama mbele yako, na mtoto ambaye hajazaliwa. Wenzako wakikwambia amani ni kazi ya waoga, waulize kama wamewahi kusimama mbele ya bunduki, mikono yote miwili juu imeshika beseni. Na sura ya marehemu kuivaa ni rahisi, hata mimi niliivaa.

Haya, lete kichwa chako nikushike. Mungu wa wazee wetu akutunze. Akupe ndoa yenye kicheko, na uzee mpaka meno yaishe kama haya yangu. Na siku utakapokosea mbele ya watu, maana utakosea tu, akupe ulimi wa kusema: ni mimi.