Nilishuhudia Kanisani Kwamba Nimepona, Sasa Daktari Anataka Nianze Kemo

Admin, jina langu lifiche. Biashara yangu iache tu, wauza vitenge Kampala tuko wengi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Bukavu, naishi Kisugu huu mwaka wa tisa. Nina watoto watatu. Mume wangu ni shemasi katika kanisa letu la Wakongomani. Nianze kwa kukiri kwamba nina mdomo. Naweza kumuuzia mtu kitenge akiwa amekuja kuuliza njia tu. Waliosema mdomo uliponza kichwa walikuwa wananisubiri mimi.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa kwa fundi wangu, ananipima blauzi, mkono wangu ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Sikuchelewa. Nilipimwa, ikaonekana ni kansa, nikapasuliwa. Kesho yake daktari alikuja kitandani akaniambia wameutoa uvimbe wote, ila nirudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu ya maabara. Mimi nikashika ile nusu ya kwanza. Hiyo ya maabara niliisikia kama mtu anavyosikia matangazo ya redio.

Kwetu kanisani aliyeponywa hushuhudia mara tu anapoweza kusimama. Nilikwenda Jumapili ya pili, bandeji bado iko kifuani. Akina mama wakatandika vitenge chini kutoka mlangoni hadi mbele, nikapita juu yake kama bibi harusi. Vingine niliwauzia mwenyewe! Nikapewa maikrofoni. Nilitakiwa kusema asante Mungu, upasuaji umekwenda vizuri, nikae. Badala yake nikapaza sauti, "Kansa imetoka na mizizi yake, haitarudi tena!" Watu walilia. Mume wangu alipiga magoti. Mimi nilijisikia vizuri sana, siwafichi.

Wiki iliyofuata nikaenda kuchukua majibu. Daktari wangu ni Mganda, Kiswahili alijifunza kwa baba yake aliyekuwa polisi. Akaniambia, "Nyabo, mama, uvimbe ilikuwa kidogo, kwapa iko safi. Hiyo iko vizuri. Lakini hii kansa yako tumeipima vipimo tatu ya kuchagua dawa, yote tatu imekataa. Ile vidonge wengine wanameza haiwezi kukusaidia. Iko kemo tu."

Nikamuuliza, kama mmetoa yote, kemo ni ya nini?

"Sisi tumetoa ile tunaona. Inaweza kuwa imeacha kidogo mahali hatuoni, na hii aina ikirudi inarudi na haraka. Mimi siwezi kulazimisha wewe. Lakini usingoje sana, dawa inasaidia kama inaanza mapema." Akanipangia Jumanne ijayo. Akanieleza na nywele zitakavyotoka.

Nilimwambia mume wangu jioni ile ile. Hakunitazama. Akasema, "Mama Elie, weye njo ulisema haitarudi. Hakuna mutu alikulazimisha. Sasa tuende kuambia watu nini? Mungu alifanya kazi nusu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kifua kilichopasuliwa ni changu, cha kwake ni cha kuvalia tai. Siku mbili hatukusemezana. Siku ya tatu akaja na macho mekundu, nikajua na yeye anaogopa. Akasema, "Enda kwa kemo. Lakini tuifiche. Utavaa wigi, tutasema ni tifoidi."

Nikakubali. Nilikwenda hata kununua wigi, fupi, linalofanana na nywele zangu. Niliona nimepata njia: nitatibiwa, na ushuhuda wangu utabaki pale ulipo.

Ijumaa akaja dukani Mama Riziki, mjane wa kanisani kwetu, mpole, hajawahi kuniomba hata nimpunguzie bei. Alisubiri wateja waishe. Akafunga pazia, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake. "Dada, gusa apa."

Niligusa. Kigumu, hakisogei. Mkono wangu ulikitambua kabla ya akili yangu.

Nikamuuliza ameshaenda hospitali?

"Nilienda. Walinipatia karatasi ya siku ya kupasuliwa. Kisha nikasikia ushuhuda yako. Ile karatasi nilishaipasua. Mungu mwenye alikuponesha weye, mimi atanipita?" Akacheka kwa furaha kabisa. Akaniambia Jumapili atasimama mbele kutangaza imani yake, na anataka nisimame naye, nimshike mkono.

Hapo mimi, mwenye mdomo, nikaanza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Wigi lilikuwa ndani ya mfuko chini ya meza, mguu wangu umeligusa. Nikamwambia, "Tutaonana Jumapili, mama." Akaondoka anaimba.

Ndugu zangu, hakujua kwamba mimi nilipasuliwa kwanza ndipo nikashuhudia. Au alijua, lakini mimi nilipolishika lile maikrofoni kisu sikukitaja hata mara moja.

Leo ni Jumamosi. Mume wangu anasema nimwite Mama Riziki pembeni, nimwambie kwa siri arudi hospitali, nisivuruge kanisa zima. Lakini namjua yule mama. Nilichokisema mbele ya watu wote hawezi kuamini nikikikanusha nyuma ya pazia. Na nikisema hadharani, mume wangu atavuliwa ushemasi, na mimi sijui nitamuuzia nani kitenge.

Nawaogopa watu kuliko ninavyoiogopa dawa. Nishaurini, kesho nikipewa maikrofoni niseme nini? Ila msiniambie nisubiri kwanza. Mimi Jumanne nina kitanda, Mama Riziki karatasi yake ameshaipasua.