Mibuni ya Ihanda Iliyokosa Kivuli

"Jumatatu nang'oa mibuni." Ndivyo alivyoniambia mdogo wangu Ezekia kwenye simu, kisha akaniuliza habari za afya kana kwamba hajasema neno. Mibuni hiyo aliipanda marehemu baba. Tangu mke wangu afariki na watoto watawanyike, kwa Ezekia kule Ihanda ndiko pekee ninakopikiwa chakula na mtu anayejua ninakuja. Kahawa ikiisha, yeye na mkewe watahamia ukweni, Ileje. Nami nitabaki na nani? Nikafunga safari kwenda kumzuia.

Jumamosi asubuhi, Tunduma. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, injini zinanguruma bila kusogea, moshi umetanda mpaka kwenye vibanda vya chapati. Kazi yangu ni karatasi za mizigo pale mpakani, kwa hiyo moshi huo ndio ugali wangu. Kijana wa bodaboda aliniuliza nasafiri na nani.

"Na mimi mwenyewe," nikamjibu.

Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Gari lilipoipita Mpemba nilianza kupanga hotuba yangu. Redioni nilikuwa nimesikia kwamba tabianchi hubadilika kwa njia mbili. Iko ya asili: volkano humwaga majivu angani, nguvu ya jua hupanda na kushuka, bahari ikipata joto mvua huhama. Na iko yetu wanadamu: tunachoma mafuta na mkaa, tunafyeka misitu, hewa inayoshika joto inazidi kujaa juu yetu. Nilikusudia kumweleza Ezekia ile ya kwanza tu. Akiamini kwamba dunia hujibadilisha yenyewe, huenda angesubiri ijirudi.

Saa nne nilishuka Ihanda. Shemeji alinipokea mfuko, akaniambia mumewe yuko shambani tangu alfajiri, hataki hata chai. Nikamfuata huko. Mibuni ilikuwa imesimama juani, majani yamejikunja, na chini yake maua makavu yametapakaa.

"Mvua ya kwanza ilitudanganya, kaka," Ezekia alisema. "Mibuni ikachanua, halafu wiki tatu hakuna tone."

Nikatoa hotuba. Nilizungumza juu ya volkano, jua na bahari, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana mimi ni mkubwa wake.

"Hiyo bahari sina ugomvi nayo," akasema. "Mvua imetudanganya sote, na kila mwaka jua linazidi. Lakini kaangalie kwa jirani hapo ng'ambo. Mibuni yake imeshika matunda. Yeye kivuli anacho."

Nikatazama chini. Katikati ya mistari kulikuwa na visiki saba. Baba alikuwa na desturi yake: kila mtoto wa nyumba ile alipobatizwa, alipanda mti mmoja wa kivuli katikati ya kahawa. Baada ya kumzika nilileta mafundi, nikaikata yote nipate mbao za kenchi za paa la nyumba yangu ya Tunduma. Ezekia alikuwa Mbeya kwa matibabu. Aliporudi nilimwambia upepo uliiangusha, na hatukuizungumza tena. Nyani haoni kundule. Mwaka mzima nimewasema wachoma mkaa wa Momba.

Tulikula ugali na maharage. Shemeji alijitahidi kuzungumza, kisha akaanza kukusanya vyombo. Nilipoaga, Ezekia alinisindikiza mpaka barabarani, tukasimama pale kama wageni wawili wanaongoja gari moja. Neno lilikuwa mdomoni, likakataa kutoka. Nilipopanda gari nilijionea aibu, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyotoka.

Saa kumi nilifika Tunduma. Nimejifunza nini? Kwamba jua na volkano zina sehemu yake kweli, ila mimi nilizibeba mpaka Ihanda nipate kujificha nyuma yake. Niliketi kitandani, viatu bado mguuni, nikapiga simu.

"Umefika, kaka?"

"Nimefika. Ezekia, ile miti haikuangushwa na upepo. Niliikata mimi."



"Visiki vina alama za msumeno, kaka. Najua toka siku niliyorudi," akasema. "Jumatatu njoo na jembe, tuing'oe mibuni pamoja."