Kidumu Kitupu cha Oili

Nilimwahidi baba, tukiwa tumekaa kwenye majani kando ya barabara ya Tirinyi huku harufu ya oili iliyoungua ikitukaba koo, kwamba fundi aliyetuulia gari angejuta kunifahamu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa ameikodolea macho boneti iliyofuka moshi, na abiria wetu wanne wa Mbale walikwisha kuanza kusimamisha magari mengine.

Baba alikuwa askari magereza mstaafu, na gari lile dogo jeupe ndilo lililotulisha. Kila asubuhi alibeba abiria kutoka Jinja hadi Mbale. Wakati wa likizo nilikaa naye mbele. Lilikuwa kuukuu, na kama mengi ya umri wake lilikula oili: ringi za pistoni zilikwisha kulika, oili ikapenya na kuungua pamoja na petroli, na moshi wa buluu ukatufuata hadi Iganga. Baba alilijua hilo. Hakuwasha injini kabla ya kuvuta kijiti cha kupimia, kukifuta, kukichovya tena, na kuongeza kilichopungua. Lakini kuongeza si kubadilisha. Kwa hiyo kila baada ya wiki sita tulikwenda Nalufenya, mtaa wa Jinja, kwa fundi ambaye kila mtu alimwita Profesa, oili yote imwagwe na kuwekwa mpya.

Gereji ile ilikuwa na adabu yake: kidumu kikishakuwa kitupu, mteja humwachia fundi. Kuondoka nacho kulionekana uchoyo. “Afande, niachie hiyo, mke yangu aweke maji,” Profesa alisema kila mara, na baba akajibu kwa kicheko, “Mke yako anakunywa maji mingi kuliko gari yangu!” Siku moja, kwa kuchoka kusubiri, nilichora jicho la samaki kwa kalamu kwenye kitako cha kidumu chetu. Wiki sita baadaye Profesa alileta kidumu kipya, sili ya kifuniko chake iking’aa. Alipokiinamisha ili amimine, jicho langu lilikuwa linanitazama.

“Baba, hiki ni kile chetu cha zamani,” nilisema. Profesa alicheka hadi akashika kiuno. “Afande, mtoto yako ni CID! Shule imefunga, sasa anatafuta wezi kwangu!” Gereji nzima ikacheka. Baba, kwa aibu, aliniamuru niombe msamaha. Nikaomba. Oili chakavu, iliyochujwa kwa kitambaa na kuongezwa mpya kidogo ili ipate rangi, ikaingia kwenye injini yetu mbele ya macho yangu.

Hazikupita wiki tatu, injini ikanoki, ikagonga kwa nguvu na kuzima, katikati ya mashamba ya mpunga. Baba alivuta kijiti: oili ilikuwa imejaa, haikuwa imepungua. Akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa nyepesi kama maji, na ina chengachenga. Hapo aliniangalia, na hapo nikatoa ahadi yangu. Tulipomwendea Profesa, alitikisa kichwa kwa huruma. “Gari ya zamani inakunywa, Afande.” Hiyo ndiyo hila iliyomlinda miaka yote: wizi ulikuwa wake, lawama ikabebwa na uzee wa gari.

Nilisomea ufundi wa mitambo chuoni Mbale, kisha nikafungua gereji Nalufenya, mkabala na yake. Sikumtukana. Nafungua oili mpya mbele ya mwenye gari, namwacha aiguse, namimina, kisha nakitoboa kidumu kitupu kwa bisibisi, matundu matatu, hadharani, kisijazwe tena. Wateja wake walianza kumuuliza mbona yeye hatoboi, na mmoja baada ya mwingine wakavuka barabara. Mwishowe akavuka yeye mwenyewe, amekonda. “Bwana, unatoboa tumbo ya watoto yangu.”

“Sogea kidogo, Profesa,” nilimwambia, “oili isikurukie.” Nikatoboa.

Leo baba analinda lango la ghala Mafubira, kando ya Jinja, na huenda kazini kwa miguu. Huniambia, “Inatosha, mwanangu.” Nimejichunguza kwa uaminifu, kama nilivyofunzwa kuchunguza injini, na nimeona kwamba haijatosha. Magari ya barabara hii yamezeeka zaidi ya lile letu, na watu wa aina ya Profesa bado wanaombwa ushauri. Wewe mwenye gari kuukuu, nakuomba jambo moja: ukimaliza kubadilisha oili, usimwachie fundi kidumu. Kitoboe kabla hujaondoka.