Masikio ya Punda

Mama anayetuletea maji hapa Kwa Vonza hampakii punda wake mtungi wa nne kabla ya kutazama masikio yake. Yakilala nyuma, anaubeba mtungi huo mwenyewe mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Viganja vyake vimekauka kama gome, lakini sijaona vikishika fimbo. Humsemesha punda kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mkwewe.

Jumatatu punda huyo alizivamia ndengu zangu za mbegu, nilizoanika uani kungojea mvua. Nikainua fimbo.

“Mwalimu, ngoja kwanza,” mama akasema. “Si ulitufundisha kanisani kwamba mnyama hana dhamiri? Sasa unampiga kwa kosa gani?”

“Wizi!”

“Kumbe anajua wizi? Basi hata kuonewa anajua. Muombe msamaha kwa maji yote aliyokubebea mwaka huu.”

Nilifikiri kwa makini, kwa maana jambo la kanuni halijibiwi kwa pupa. Nilipopata jibu, ndengu zilikuwa zimekwisha.