Hesabu kwa Simu, Kisumu Ndogo

Nakumbuka mchana mmoja wa Januari, mwanangu, mwaka ule kura zilipoleta vita Nairobi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndani ya chumba kisicho changu, simu nimeishika kwa mikono miwili. Nilikuwa naomba ilie, na papo hapo naomba isilie.

Wewe unayelea wajukuu leo, na wewe unayelelewa na nyanya yako, keti nikueleze.

Mjukuu wangu Akinyi alikuwa nami tangu akitambaa. Mama yake, binti yangu, alifanya kazi za nyumba Mombasa, akija Krismasi moja na kuikosa nyingine. Mimi niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Kawangware, hapo Nairobi. Kusoma sikusoma, kwa maana baba yangu alisema msichana ni wa kuolewa, na siku hizo neno la baba halikujibiwa. Kwa hiyo Akinyi alipokaribia darasa la nane, mwaka wa mtihani wa taifa, niliona kama ni mimi ninayekwenda kuukalia.

Matokeo ya kura yalipokataliwa, mtaa wetu ukagawanyika. Wateja wangu wa miaka mingi walianza kunipita bila salamu, kisha nyumba iliyotazamana na yetu ikachomwa. Wapiganapo fahali, ziumiazo ni nyasi. Nikamshika Akinyi mkono, tukatoka na nguo tulizovaa mpaka Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, ambako wengi ni watu wa kwetu wa ziwani. Akatupokea Mama Perez, mjane wa kanisa letu, mzee kunizidi mimi. Vitabu vya mtoto vilibaki Kawangware. Simu ndiyo iliyokuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, nayo ndiyo iliyookoka.

Shule zikakawia kufunguliwa. Watoto wote walikaa nyumbani, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtihani nao utakaa ukitungoja.

Ndipo siku moja akapiga Mwalimu Mutheu. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu wa Akinyi, dada wa Kikamba kutoka Kitui, aliyebaki kulekule Kawangware. Namba yangu aliichukua kwenye mkutano wa wazazi. Akauliza kama tuko hai. Nilipomjibu, akauliza Akinyi ameishia wapi kwenye hesabu. Mwanangu, nilitaka kucheka, yakanitoka machozi. Akasema atakuwa anapiga kila mchana akipata vocha, na asipopata atatuma maswali kwa meseji.

Nami nikaanza shule uzeeni. Akinyi alinionyesha kitufe cha kupokea na kile cha kuitoa sauti nje ili sote tusikie. Mimi nilishika simu karibu na sikio lake, yeye akaandika kwa kipande cha makaa kwenye ukuta wa mabati, maana karatasi hatukuwa nazo. Tukimaliza, tulipangusa kwa kitambaa kibichi. Chaji tulipata kwa fundi mmoja aliyechajia watu kwa betri ya gari. Nilikaa pale mlangoni mwake mpaka ijae, kwa kuwa sikuweza kumwachia mtu simu ile hata ndugu.

Lakini kifaa hakichagui kinacholeta. Meseji nyingine zilikuja za watu tusiowajua. Akinyi ndiye aliyekuwa akinisomea, na siku moja alianza kusoma moja kwa sauti ileile ya kusomea maswali ya hesabu. Ilisema watu wa kabila fulani wafukuzwe, na kila atakayeipata awapelekee wenzake. Katikati sauti ikamfifia.

"Dani," akaniuliza, kwani ndivyo tunavyomwita nyanya, "hao si ni akina Mwalimu?"

Nikamwambia aifute, asimpelekee mtu. Tangu siku hiyo sikumruhusu kufungua meseji kabla hatujajua imetoka kwa nani. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na kidole nacho ni vivyo hivyo.

Basi, mchana ule niliokutajia, nikiwa pale kwenye ndoo, nikihofia masikio ya majirani nyuma ya mabati, mlango ulisukumwa wakaingia vijana. Aliyetangulia nilimjua kwa sura, alikuwa akibeba mizigo karibu na reli. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Dani, mnaongea na nani humu kila siku? Hiyo sauti si ya watu wa huku. Maboyz wanasema mnapeleka habari."

Nikamweleza ni mwalimu wa mtoto. Mwenzake akacheka, akasema shule zimefungwa, mwalimu gani huyo. Yule wa kwanza akanyoosha mkono, nami nikampa simu. Ningefanyaje? Akinyi alikuwa ameegemea mabati, mgongo umefuta nusu ya hesabu zake. Mama Perez aliendelea kuchambua maharagwe, ila niliona vidole vyake vinaokota tu na kuangusha.

Simu ikalia mkononi mwa kijana.

Akatazama jina. Nikamwambia aweke sauti nje, asikie mwenyewe. Akaweka.

"Akinyi," sauti ya Mwalimu ikaja chini sana, ya mtu anayejificha, "leo nitaongea polepole. Vijana wa huku wameanza kuniuliza ni nani ninayempigia Kibera. Sasa niambie, robo tatu ukigawanya kwa nusu, umepata ngapi?"

Akinyi akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali.

"Moja na nusu, Mwalimu."

"Umepataje?"

Mtoto akaeleza, kijana akiwa amemshikia simu. Alipokosea hatua moja Mwalimu akamrudisha, akaanza tena. Halafu vocha ikaisha, simu ikakatika.

Kijana alikaa kidogo akiangalia ile michoro ya makaa ukutani. Akanirudishia simu yangu.

"Ongeeni chini, Dani," akasema. "Wengine hawatangoja kusikiza."

Walipoondoka niliufunga mlango. Nikaizima simu, nikamwambia Akinyi basi, masomo yamekwisha, tutayaona amani ikirudi. Mama Perez akaacha maharagwe yake. Nikajitetea kabla hajasema kitu, nikamwambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

"Methali hiyo naijua kabla yako," akanijibu. "Lakini woga ni wako, na mtihani ni wa mtoto. Yule mwalimu naye anaogopa, umemsikia. Mbona amepiga?"

Kesho yake nikaiwasha simu.

Haikulia. Wala siku iliyofuata, wala nyingine. Akinyi alirudia hesabu za zamani mpaka akazijua kwa moyo, na kila alipoandika alikuwa akisikilizia. Kupiga sisi tulipiga, tukaambiwa haipatikani. Mwanangu, nimezika watu, lakini uzito ule sikuwahi kuujua. Niliwaza kwamba Mwalimu, mtoto wa watu, ameuawa kwa sababu ya robo tatu ya mjukuu wangu.

Kisha ikaingia namba tusiyoijua. Nilisita, nikabonyeza. Alikuwa yeye. Simu yake ilikuwa imenyang'anywa, na hiyo alikuwa ameiazima kwa jirani. Nikataka kumuuliza kama ni mzima, akanikatiza kwa upole, akasema, "Dakika ni chache, mama. Nipe Akinyi."

Wakubwa walipopatana na shule kufunguliwa, tulirudi Kawangware, ingawa si kwenye ploti ile ya kwanza. Tulimkuta Mwalimu Mutheu langoni pa shule, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Walipomnyang'anya simu walimvunja kiganja, na katika simu zote alizotupigia baadaye hakutuambia. Akinyi alichukua vitabu ambavyo Mwalimu alikuwa amevibana kwapani, akatembea naye hadi darasani.

Mtihani aliupita. Hakuwa wa kwanza, lakini sekondari aliitwa. Leo ana kazi yake na watoto wake, na watoto hao mchana wako hapa kwangu na masomo yao ya kwenye simu.

Basi shika haya. Ukiachiwa mjukuu, usiseme kifaa cha kisasa si cha wazee. Kaa karibu naye, hata kama huelewi kinachofundishwa. Ijue sauti inayomfundisha, na uijue ile inayomharibu. Neno ambalo huwezi kumwambia jirani usoni, usilitume. Hofu yako ibebe wewe, usimtwike mtoto. Na anayemfundisha mwanao akiwa hatarini, usimuulize kabila lake, muulize amekula nini.

Mungu awalinde watoto mliobaki nao, awape wazee macho ya kuwaona wakikua, na kila mtoto anayengoja kufundishwa apate wa kumpigia. Amina.